Kinyonga mwenye kiu mbele ya bakuli la maji

Picha ya kwanza iliingia kwenye WhatsApp yangu Jumapili jioni, katikati ya Februari. Kinyonga dume mwenye pembe tatu amelala juu ya mchanga mkavu, rangi yake imefifia mpaka inakaribia ya karatasi kuukuu, jicho moja limefumba. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Habari ya jioni daktari. Huyu anaitwa Kifaru. Leo ni siku ya nne hajala. Nimfanyie nini?"

Nilikuwa mezani, chapati mkononi, na nikajibu kama mtu aliye mezani: "Mwongezee maji, asisumbuliwe, kesho nipigie." Nayaandika maneno hayo kama yalivyo kwa sababu itabidi niyarudie mbele, na hayanipendezi.

Mimi ni daktari wa mifugo, kliniki yangu iko upande wa Kasarani. Wagonjwa wangu ni mbwa, paka, kuku wa mayai, mara moja moja sungura. Mtambaazi naletewa labda mara mbili kwa mwaka, na aghalabu ni kobe aliyeokotwa barabarani. Ndiyo maana kisa hiki nilikiandika daftarini siku kwa siku. Mwenye kinyonga na mama yake wamekubali nikisimulie bila kutaja majina.

Hawakupiga simu Jumatatu. Walifika Jumanne asubuhi: mama, kijana wake wa Gredi ya 8, na katoni ya viatu iliyotobolewa kwa kalamu. Walikuwa wametoka Zimmerman kwa matatu, katoni mapajani. "Konda angejua tumebeba nini, tungekuja kwa miguu," mama akasema, na hakuwa anatania sana. Yeye mwenyewe amekua akisimuliwa ile hadithi ya Wakikuyu kwamba Mungu alimtuma kinyonga akawaambie watu kuwa kifo hakitakuwa mwisho wao, kinyonga akafika akashikwa na kigugumizi, ndege akamtangulia kutangaza kinyume. Tangu hapo kinyonga analaumiwa kwa kila matanga. Katika ploti yao keyateka alikataa kabisa kupanda ghorofa ya nne tangu Desemba, hata mfereji ulipovuja.

Nilimpokea kwa kumwacha apande kidole changu. Kinyonga mzima hukamata kidole kwa vikoleo vyake vya miguu mpaka unahisi kucha. Huyu alishika kama anayeomba radhi. Macho, yale macho yanayochomoza kama vibanda vidogo na kuzunguka kila moja kwa njia yake, yalikuwa yamezama ndani ya fuvu, na mchana kweupe alikuwa ameyafumba. Kinyonga anayelala mchana ni mgonjwa. Hilo halina mjadala. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Nilipobonyeza taya la chini polepole kwa ncha ya kidole lilirudi ndani kidogo, mahali ambapo mfupa ungepaswa kukataa. Mizani ilisoma gramu 34. Ndani ya katoni kulikuwa na kinyesi kimoja, na ile sehemu yake ambayo kwa mtambaazi hutakiwa kuwa nyeupe na laini kama chokaa iliyolowa ilikuwa ya rangi ya chungwa, ngumu kama punje ya mchele. Rangi hiyo humaanisha mwili unakamua kila tone.

Kwa hiyo kiu niliiona mara moja. Sababu ya kiu ndiyo sikuiona, kwa kuwa kijana aliniambia maji yapo, tena mengi. "Uliposema nimwongezee, nikamtolea bakuli dogo nikamwekea kubwa."

Halafu akanieleza jambo jingine kwa fahari. Zamani, akasema, Kifaru alikuwa anaamka mweusi. Tangu alipomnunulia bulbu amekuwa wa rangi ya mchanga kutwa nzima. "Siku hizi anajificha vizuri sana. Wageni wakija tunawaambia wamtafute."

Sentensi hiyo ilikuwa imebeba ugonjwa wote, ila sikuisikia ipasavyo mpaka jioni.

Tumezoea kuamini kwamba kinyonga hubadili rangi ili afanane na alipokaa. Wanasiasa wetu wanaohama vyama ndio waliolichafua jina lake zaidi. Ukweli ni kwamba rangi yake hueleza hali yake kuliko mahali alipo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kinyonga wa Madagaska, kwamba chini ya ngozi kuna seli zilizojaa fuwele ndogo mno, na mnyama akizisogeza karibu au mbali, mwanga unaorudi hubadilika rangi. Hutumia rangi kumtisha dume mwenzake na kumtongoza jike, na pia hutumia rangi kama sisi tunavyotumia sweta. Asubuhi ya baridi hujikoleza akawa mweusi ili avute joto la jua. Akizidiwa na joto hufifia ili alirudishe. Kifaru mweusi wa asubuhi alikuwa kinyonga mwenye afya anayeota jua. Kifaru wa rangi ya mchanga hakuwa anajificha popote. Alikuwa anaungua.

Nilibaki naye kliniki, na jioni baada ya kufunga nikaenda Zimmerman kuona alikokuwa akikaa. Madaktari wengi wa wanyama wadogo hawafanyi hivi, na kwa paka huenda si lazima. Kwa mtambaazi naona ni lazima, maana nusu ya mwili wake iko nje: joto lake linatoka kwenye jua, unyevu wake unatoka hewani. Ukimpima yeye bila kupima alipowekwa, umepima nusu ya mgonjwa.

Terariamu ilikuwa juu ya kabati sebuleni, imeegemezwa dirishani. Kioo pande zote nne, sentimita 60 kwa 30, kimo 40, kifuniko cha plaiwudi kilichokatwa tundu la duara. Kijana alikuwa amekusanya pesa za Krismasi akampa fundi wa vioo wa Githurai. Chini kulikuwa na mchanga wa ujenzi, tawi moja kavu la mwiba la kupandia, bakuli la maji, na juu ya tundu ilining'inia bulbu nyekundu ya wati 175, ile ya kulelea vifaranga, aliyoinunua agroveti. Kila kitu kilikuwa safi. Hata mchanga alikuwa ameuchekecha. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia mnyama ameumia nyumbani hufikiria uzembe, na huyu kijana hakuzembea hata siku moja.

Mama alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono. Ana kibanda karibu na stendi, anauza chapati, sambusa na chai. "Daktari," akasema, "mimi nilisema tangu Desemba. Hiki ni kisanduku cha sambusa."

Kijana akakasirika. Mimi nikatoa kipimajoto nikakibandika kwenye kioo usawa wa mwiba, nikaomba bulbu iwashwe, tukanywa chai. Baada ya dakika arobaini kilisoma 38. Kwenye balkoni yao, kivulini, wakati huohuo ilikuwa 24. Na hiyo ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Saa nane mchana, jua la Februari likiwa limepenya dirishani na kuongezewa bulbu juu, sipendi hata kukisia.

Sasa fikiria anakotoka. Kifaru ni yule kinyonga wa pembe tatu ambaye kwa kisayansi anaitwa Trioceros jacksonii, jina alilopewa mwaka 1896. Makwao ni nyanda za juu zetu na za kaskazini mwa Tanzania: misitu, mashamba ya kahawa, nyua za bustani. Huyu alichukuliwa kwenye ua wa shosho Limuru wakati wa likizo ya Desemba. Limuru iko juu ya mita 2,000. Julai ukungu hulala kwenye majani ya chai mpaka saa nne, na kinyonga huyu huning'inia ndani yake usiku kucha bila blanketi. Jike wa aina hii huzaa watoto hai badala ya kutaga, jambo ambalo wataalamu wengi hulihusisha na maisha ya baridi: mama huwabeba tumboni na kuwaotesha jua yeye mwenyewe. Mnyama wa namna hii mchana anataka nyuzi ishirini na kitu, usiku anataka ishuke. Kinachomwua upesi ni joto.

"Nani alikuambia anahitaji bulbu?" nikamwuliza kijana.

Akanionyesha video kwenye simu ya mama. Ilikuwa imetengenezwa vizuri sana. Mzungu mpole, nje ya dirisha lake theluji, anaeleza jinsi ya kumjengea nyumba mjusi wa jangwa la Australia: kioo ili joto lisitoroke, mchanga, taa ya moto, bakuli. Kila neno lilikuwa sahihi kwa mjusi yule na nchi ile. Kijana alitafuta mafundisho ya kufuga mtambaazi, akapewa mafundisho ya kupigana na baridi ya Ulaya kwa niaba ya mnyama wa jangwani, akayatekeleza Zimmerman kwa mnyama wa ukungu. Sitaki kuwaonea wafugaji wa ng'ambo: wanaomfuga kinyonga huyu hasa wanajua kwamba anahitaji wavu unaopitisha hewa, baridi ya usiku na majani yenye matone. Ila video ya mjusi wa jangwani ndiyo inayotangulia kufika, maana ndiye anayefugwa na wengi.

Lakini bado hesabu yangu haikukaa sawa. Tangu Desemba mpaka karibu mwisho wa Januari kinyonga aliishi ndani ya kioo hicho, hana bulbu lakini hana pa kunywea pia, maana kinyonga hayatambui maji yaliyotulia. Bakuli kwake ni kama meza. Porini anakunywa umande na matone ya mvua yanayoteremka jani kwa jani. Kinachomvuta ni kumetameta na kutiririka. Ungemwekea pipa. Kwa hiyo jibu langu la Jumapili, "mwongezee maji", lilimletea kijana kazi ya kununua bakuli kubwa na kumpotezea mgonjwa siku mbili. Sikuuliza anayanywaje. Swali la maneno mawili.

Basi wiki zote hizo alikunywa nini?

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza. Kijana ana dada wa miaka saba, alikuwa anafanya homuwaki sakafuni. "Mimi nilikuwa namwagia maua yake," akasema. Maua gani? Ikaja habari yote. Desemba mama alikuwa ameweka ndani ya terariamu mkebe wa ule mmea unaotambaa ambao kila nyumba Nairobi inao dirishani, ili kisanduku kisikae kama jeneza. Mtoto akapewa zamu ya kuunyunyizia kila asubuhi kabla ya shule kwa chupa ya kunyunyizia nywele. Matone yalibaki kwenye majani. Kifaru alikuwa anakunywa hapo, na hakuna aliyejua, hata huyo mtoto.

Mwisho wa Januari asubuhi zikawa na baridi siku mbili tatu. Kijana akamkuta Kifaru mweusi, akashtuka, akanunua bulbu. Kinyonga akawa mweupe; kijana akafurahi. Baada ya kama wiki moja majani ya mmea yakababuka, ukatupwa. Zamu ya mtoto ikaisha. Siku tisa baadaye kinyonga akaacha kula.

Niliyaandika hayo kwenye daftari nikiwa nimekaa kwenye kochi lao, na nakiri nilisikia baridi mgongoni. Kilichomweka hai kilikuwa zamu ya kumwagilia maua. Kilichotaka kumwua ni upendo wa shilingi mia kadhaa kutoka agroveti, pamoja na tokeni za stima: mama aliniambia tokeni ya 500 iliyokuwa ikiwatosha wiki mbili ilianza kuisha kwa siku tatu au nne, akadhani kuna jirani anawaibia.

Kuhusu taya. Dirisha lilikuwa na jua la kutosha, na familia iliamini hilo linamtosha. Kioo cha kawaida huruhusu mwanga na joto lakini huzuia karibu miale yote ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na miale hiyo ndiyo ngozi inayohitaji ili itengeneze vitamini D3. Bila D3 kalsiamu ya chakula hupita tu; mwili huanza kukopa kwenye mifupa, na taya ni miongoni mwa wa kwanza kudaiwa. Hata ulimi, ambao kinyonga huurusha mbali kuliko urefu wa mwili wake, unalegea, maana msuli nao unataka kalsiamu. Kijana alikumbuka kwamba tangu mapema Februari Kifaru alikuwa "anakosa shabaha". Tuko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, jua la bure ambalo wafugaji wa Ulaya hununua kwa taa zinazochoka kila baada ya mwaka mmoja hivi, na tulikuwa tumelizuia kwa kioo cha milimita nne.

Chakula kilikuwa panzi wa uwanja wa shule na mende wa jikoni. Mende walinitia wasiwasi kwa sababu ya dawa, lakini mama alikuwa ameacha kupuliza tangu Desemba, kwa amri ya mwanawe. Walijaribu pia omena. Kifaru aliitazama tu.

Matibabu yenyewe hayakuwa na maajabu. Siku ile ya Jumanne nilimpa maji ya dripu chini ya ngozi, kiasi kidogo, yamepashwa mpaka yawe vuguvugu, na kalsiamu ya kimiminika mdomoni. Halafu nikafanya kile ambacho najua ndicho kilichomrudisha. Nilichukua mche wa mlimau ulio kwenye ndoo, nikauingiza bafuni kwenye kliniki, nikamweka Kifaru tawini, nikafungua bomba la mvua kwa nguvu ndogo kabisa likipiga ukuta, ili apate ukungu na matone ya kuruka tu. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Dakika tano, hakuna. Dakika kumi, jicho la kushoto likafunguka, peke yake, likazunguka juu, likazunguka chini, likasimama kwenye jani lililokuwa mbele ya pua yake. Tone lilikuwa limening'inia kwenye ncha. Akasogea mwendo wake ule wa kuyumba mbele na nyuma, kama anayepima kama dunia bado inashika. Akaweka mdomo kwenye jani. Koo likacheza. Jicho la kulia likafunguka. Alikunywa kwa dakika kumi na nane kwa saa yangu, akisimama kupumzika kama mzee anayekunywa uji, na katikati rangi ikaanza kurudi: kwanza kijani kwenye mbavu, kisha pembeni mwa kichwa. Mteja mwenye mbwa alikuwa anagonga mlango wa nje. Sikufungua.

Suala la mdomo wazi lilinipa mtihani. Kinyonga anayeachama anaweza kuwa na joto tu, au anaweza kuwa na maambukizi ya mapafu, jambo la kawaida kwenye vioo visivyo na hewa. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kabati la dawa. Nikaamua kusubiri saa ishirini na nne akiwa mahali penye ubaridi. Kesho yake mdomo ulikuwa umefunga, pua kavu, pumzi haina mlio. Dawa ya bakteria kwenye mwili mkavu kiasi kile ingezipiga figo. Nimeona wenzangu wakianza na sindano, nami nimewahi kuanza nayo kwa kobe, na yule kobe hakupona.

Kabla sijaendelea, sheria. Nililisema siku ileile ya kwanza, mbele ya mama, kwa sauti ya kawaida: chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kumweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali ni kosa, hata akiwa mdogo kuliko kiganja, hata akiwa umemtoa kwenye ua wa shosho yako. Mama akanyamaza, kisha akauliza, "Kama wale wa chungu?" Kesi hiyo kila mtu anaikumbuka: vijana wawili wa Ubelgiji waliokutwa Naivasha na maelfu ya chungu, yaani sisimizi, kwenye mirija, na Mei 2025 mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au jela miezi kumi na miwili. Nilimwambia wale walikuwa wanasafirisha, yeye ni mzazi aliyeleta mgonjwa. Lakini njia ya salama ni sisi wenyewe kupiga simu KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kabla ya mtu mwingine kupiga. Tulipiga pamoja, spika ikiwa wazi. Afisa aliuliza maswali ya maana: alitolewa wapi hasa, lini, amekutana na mtambaazi mwingine yeyote? Akakubali abaki kwangu kwa matibabu, kisha arudishwe palepale, naye akiwepo.

Swali la tatu lilikuwa muhimu kuliko linavyosikika. Mnyama aliyekaa na wanyama wengine wa biashara anaweza kurudi na ugonjwa ambao ua wa Limuru haujawahi kuuona. Na kumwachilia popote penye miti si kumsaidia. Wakenya wengi hawajui kwamba kinyonga huyu sasa ni mkazi wa Hawaii. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama kisiwani Oahu aliletewa kundi lao kutoka kwetu, wakafika wamekonda na wamekauka. Akawaachilia kwenye bustani yake wapate nafuu, akitumaini kuwakusanya baadaye. Walipata nafuu. Hakuwakusanya kamwe, na leo wametapakaa visiwani wakila wadudu na konokono ambao hawapo kwingine duniani. Kenya yenyewe ilifunga biashara ya kuwauza nje mwaka 1981. Nilimsimulia kijana kisa hicho kwa sababu mbili, ingawa moja ndiyo iliyonivutia mimi: dawa ya yule muuza duka, yaani mti, hewa na mvua, ilifanya kazi mno.

Basi nami nikaiga, kwa wavu. Uani kwa kliniki kuna mti wa limau. Nilizungushia matawi mawili fremu ya mbao na wavu wa matundu madogo, nikafunika upande wa magharibi kwa gunia apate kivuli cha kuchagua, nikapaka miguu ya fremu grisi dhidi ya siafu. Siafu wakimfikia kinyonga aliyefungiwa hawaachi kitu. Kijana alikuja kila siku baada ya shule na chupa ya dadake. Chakula tulikipata kwa jirani anayefuga wale funza wa nzi mweusi wa kulishia kuku, ufugaji ambao wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo palepale Kasarani, wameusukuma kwa miaka. Wadudu wengi wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na hiyo huzidisha deni la mifupa; funza hawa ni tofauti, wamejaa kalsiamu. Panzi tuliwapaka chokaa ya kuku iliyosagwa. Kijana alikuwa amenunua DCP, unga wa madini wa kulishia mifugo, kwa kudhani ni kitu kimoja, ikabidi airudishe: ile ina fosforasi ndani.

Siku ya tatu alikula funza mmoja kutoka mkononi. Siku ya sita alirusha ulimi akakosa, akarusha tena akakosa, kijana akageuka asitazame. Siku ya tisa alipata nzi aliyekuwa amekaa kwenye wavu, umbali wa shibiri moja, na sauti yake ilisikika, tap, kama mtu anayebusu hewa. Baada ya wiki tatu mizani ilisoma gramu 43. Taya lilikuwa linakataa kidole. Kinyesi kilikuwa cheupe, jambo ambalo kijana alinipigia picha akanitumia saa kumi na moja alfajiri bila maelezo.

Hakulia tulipompeleka Limuru, katikati ya Machi, mvua za masika zikiwa zimeanza kudondoka. Mama alilia kidogo, akasema ni moshi. Shosho alitusubiri langoni na leso kichwani, akakataa kukaribia lakini akaelekeza kwa fimbo tawi lenyewe alilotolewa. Afisa akaandika, akapiga picha. Kijana akaweka mkono kwenye ua. Kifaru akakaa juu ya kidole muda mrefu, akashika jani kwa mguu wa mbele, akaacha, akashika tena. Kulikuwa na baridi. Alipokuwa ameshaingia kabisa kwenye majani akaanza kujikoleza, kutoka kijani hadi kahawia, hadi karibu mweusi, ubavu wake bapa umeelekezwa kwenye kipande kidogo cha jua kilichokuwepo.

"Ameshikwa na baridi?" shosho akauliza kwa mbali.

"Anaota jua," kijana akajibu.

Wiki iliyopita nilipita stendi ya Zimmerman. Terariamu iko kwenye kibanda cha mama, mchanga umetoka, ndani kuna trei ya sambusa, bulbu nyekundu inawaka juu ya tundu lilelile. Kipimajoto changu bado kimebandikwa kwenye kioo, nilikuwa nimekisahau. Nikainama nikakisoma: 41.

"Zinapoa," mama akasema, akaishusha bulbu kidogo.